Siku Bikizee Alipotiwa AC

Redio ya Shangazi hukaa juu ya kopo la sukari, antena yake imeungwa kwa waya wa baiskeli, na asubuhi ile kwa bahati ilikuwa inasema bila kukoroma. Mtangazaji akatueleza kwamba wataalamu wamefanya utafiti wa muda mrefu, wakagundua kuwa dereva wa lori anayekaa kwenye joto kali huchoka mapema, hukasirika ovyo na hufanya maamuzi ya kijinga. Dawa, wakasema wataalamu, ni kiyoyozi.

Jaji akaweka kikombe chini.

"Hebu rudia hapo, Shangazi."

"Redio hairudiwi, Jaji. Unadhani ni kahawa hiyo?"

"Utafiti wa muda mrefu! Watu wamechoma mafuta bure, wamelala hotelini bure. Si wangekuja hapa wakamuuliza mke wa Kifua?"

Tukacheka, wote tukageuka kumtazama Kifua. Yeye hakucheka. Alikuwa anapuliza kahawa ambayo ilishapoa.

Kijiwe chetu kiko nje ya yadi ya malori. Mimi nauza matairi yaliyokwishatumika, na yale yanayokataa kununuliwa ndiyo viti vyetu. Shangazi anauza kahawa na hakopeshi hata tabasamu. Jaji anauza samaki kwenye boksi la barafu lililofungwa nyuma ya baiskeli, na jina hilo amelipata kwa sababu hakuna ubishi unaopita hapa bila yeye kuutolea hukumu, hata ule asioalikwa. Kifua ni dereva na mwenye lori, na lori lenyewe tunaliita Bikizee. Bikizee ni wa zamani kiasi kwamba watu humsalimia. Injini yake iko chini ya kiti cha dereva, kwa hiyo ukikaa mle unaiva kuanzia chini, na ndiyo maana mwenzetu huendesha bila shati, mvua au jua.

Lakini asubuhi ile alikuwa amevaa shati. Jeupe, limepigwa pasi, vifungo mpaka kooni.

"Halafu huyu," Jaji akasema, akimwonyesha kwa kidole. "Shati la nini? Una kesi?"

"Ana msiba," nikasema.

"Anaoa," akasema Shangazi. "Jamani, Kifua, mke wako yuko kwao tu unaanza kutafuta mwingine?"

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Mke wa Kifua alikuwa kwa mama yake tangu safari ya mwisho ya vitunguu. Safari ile walimpa lifti mama mkwe. Alipanda akiwa anaongea, akashuka hawezi kusema, na huyo ni mama ambaye hajapata kukosa la kusema tangu azaliwe. Alipopata sauti alisema maneno machache tu: "Binti yangu si kitunguu, hakaangwi." Akamshika binti mkono, wakaingia ndani. Sharti likawa kwamba mke harudi mpaka kichwa cha lori kipoe, na yeye mama mkwe atakuja mwenyewe akikalie akione, kisha arudishwe kwake humohumo.

Na Kifua bila mke wake ni nusu mtu. Yeye anajua usukani. Kununua vitunguu, kuviuza, kugombana na madalali na kushinda, hayo yote ni ya mkewe. Juzi juzi alijaribu kwenda sokoni peke yake, akarudi na vitunguu vilevile. Usiku anasema nyumba imekuwa kubwa. Tunamtania kutwa nzima, lakini ukweli ni kwamba alikuwa anatia huruma, na kila mtu kijiweni alikuwa amelichoka lile jicho lake la kuangalia barabara.

"Basi sikieni," Kifua akasema, akasimama ili shati lionekane vizuri. "Leo basi la mchana linamleta mke wangu na mama yake. Na Bikizee ana AC."

Jaji akaanza kukohoa, kahawa imempalia.

"Bikizee? Lile lori lililobeba mawe ya kujengea milima?"

"Huyo huyo."

"AC?"

"AC."

"Kaka, kumtia Bikizee AC ni kama kumvalisha bibi yangu miwani ya jua. Atavaa, lakini unamdanganya nani?"

"Muulize Daktari."

Daktari ni fundi wetu wa mambo ya baridi. Anavaa koti jeupe alilolipata kwa kinyozi, na kwake yeye hakuna gari bovu, kuna mgonjwa. Alikuwa amekaa kwenye tairi la mwisho, amekunja nne, anangoja kuulizwa. Alipenda sana kuulizwa.

"Upasuaji umefanikiwa," akasema.

"Na kompresa, hiyo pampu ya kusukuma gesi, umeitoa wapi?" nikauliza.

"Ya gari dogo la maharusi lililogonga ukuta. Changa kabisa hiyo, haijafanya kazi ngumu, imezoea kubeba maua. Nikachonga kitako cha chuma, nikaichomelea ubavuni mwa injini, nikaivisha mkanda. Kazi ikabaki kwenye mipira ya kupitisha gesi." Akainua kidole. "Mipira ya Bikizee haiuzwi dukani. Ukienda dukani ukataja jina la lori hili, muuzaji anakupa pole. Inabidi upime mmoja mmoja, huu unatoka kwenye kompresa, huu unapanda juu kwenye boksi la baridi ndani ya dashibodi, unakata, unabana vichwa vyake kwa mashine. Mpira wa kupima, kama suti."

"Na umemaliza?" Shangazi akauliza.

"Nimemaliza."

"Wewe? Umemaliza kitu?"

Tukacheka tena, maana Daktari ana neno lake moja. Ukimpelekea chochote, ukimuuliza kitapona lini, hujibu, "Jioni tu." Hajawahi kusema jioni ya lini. Friji ya Shangazi ilikwenda kwa Daktari kutibiwa, ipone jioni, na mpaka leo maziwa ya Shangazi yanalala kwenye ndoo ya maji.

"Friji yako ina matatizo ya ndani, Shangazi."

"Matatizo ya ndani ni yako. Nimeanza kuiota."

"Mahakama inataka ushahidi," Jaji akakata, akaondoka kwenye tairi lake kuelekea lilipo lori. "Washa tuone."

Kifua alikuwa anaomba Mungu aambiwe hivyo. Akapanda, akawasha. Bikizee akatetemeka, akatoa moshi, akakubali. Kifua akabonyeza swichi iliyochongewa tundu jipya kwenye dashibodi, kitu kikalia tak, na baada ya muda kidogo tukaanza kupitisha mikono dirishani.

Jamani, ilikuwa baridi. Baridi ya kweli, ya benki. Mimi niliingiza mkono mpaka begani. Shangazi akaingiza kichwa, akafumba macho, akagoma kukitoa. Wateja wakamwita, akasema wajimiminie wenyewe, neno ambalo hatujapata kulisikia kutoka kwake.

Kifua akawa anatuangalia kutoka kule juu, shati lake halina hata doa la jasho, na uso wake ulikuwa umenawiri kama wa mtu aliyetoka kuposa akakubaliwa. Hata mimi nikafurahi.

Wakati huohuo mteja akamwita Daktari kutoka ndani ya yadi. Daktari akapangusa koti, akaanza kwenda, kisha akageuka.

"Kifua. Unakumbuka nilichokwambia?"

"Nakumbuka bwana, nenda."

"Utumie akili."

"Nenda!"

Akaenda. Kama ningejua, ningemshika koti.

Jaji hakuwa ametoa mkono dirishani, lakini mdomo wake haukuwa tayari kushindwa na mkono wake.

"Hii ni feni," akasema.

"Feni?"

"Feni tu imefungwa vizuri. Na asubuhi kuna upepo. Unatufunga kamba hapa."

"Jaji, nywele za mkono zimekusimama!"

"Zimesimama kwa heshima. Nionyeshe hiyo kompresa. Kama ipo, natoa hukumu kwamba umeshinda, na leo nanunua kahawa ya watu wote."

Watu wakapiga kelele. Jaji kununua kahawa ni habari kubwa kuliko ile ya redio. Sasa tatizo ni kwamba kwa malori ya aina ya Bikizee huwezi kuiona injini kwa kufungua boneti, kwa sababu boneti hakuna. Lazima kichwa kizima kiinamishwe mbele, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, ndipo injini ibaki wazi nyuma.

Kifua akasita. Nilimwona. Akaangalia mlango wa yadi, akaangalia Jaji.

"Si mnaona?" Jaji akasema. "Anaogopa. Ni feni."

"Mama mkwe akija akiambiwa ni feni, itakuwaje?" Shangazi akachochea, kichwa chake kikiwa bado ndani.

"Toa kichwa, Shangazi," Kifua akasema. Akazima injini, akashuka, akafungua komeo, akakaza misuli, akakisukuma kichwa mbele.

Kikainama. Kwanza tukaiona kompresa, kweli ipo, inang'aa ubavuni mwa ile injini kongwe. Jaji akafungua mdomo kukiri. Kisha tukauona mpira mmoja mweusi umevutika kama kamba ya kuanikia nguo, na kabla mtu hajasema neno, ukachomoka kichwani.

Pshhhhhhhh!

Moshi mweupe ukatoka kwa nguvu, sote tukatawanyika. Shangazi alikimbia na birika. Sauti ile ikaendelea, ikaendelea, ikapungua, ikaisha kwa mlio mdogo wa aibu. Daktari alitokea mlangoni akikimbia, koti linapepea.

"Nani kainamisha mgonjwa?"

Kifua alikuwa amesimama ameshika komeo.

"Nilimwambia!" Daktari akatugeukia sisi. "Mpira huu niliuacha mrefu. Makusudi! Kompresa iko kwenye injini, haiendi popote, ila boksi la baridi liko kichwani, na kichwa kinainama. Lazima mpira uwe na ziada ya kusafiria. Nikauacha umejikunja vizuri hapo chini. Bwana mkubwa huyu akaja, akainama, akasema unaning'inia. Akasema unaning'inia kama shati lililotoka kwenye suruali, mama mkwe ataona. Kata, Daktari, nataka uwe kama wa malori mapya. Nikamwambia, nikiukata, kichwa kisiinamishwe mpaka nikuletee mpira mwingine mrefu."

"Na huo mwingine ungemletea lini?" nikauliza.

"Jioni."

Shangazi akaguna.

Jaji akakohoa kidogo. "Wataalamu wamesema ni joto linalomfanya dereva aamue kijinga. Huyu kaamua kwenye baridi. Utafiti urudiwe."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Kifua alikuwa amekaa chini, kwenye vumbi, na shati lake jeupe. "Amekwenda," akasema. "Mke wangu amekwenda." Akasema hivyo taratibu, kwetu sote, na mimi nikasikia vibaya mno. Jaji naye alisikia vibaya, nilimwona akipangusa mikono kwenye suruali wakati mikono haikuwa na kitu.

Na hapohapo, ng'ambo ya barabara, basi la mchana likapiga honi. Limewahi! Basi ambalo halijawahi kuwahi tangu barabara ichongwe.

"Kirudishe kichwa!" Daktari akapiga kelele. "Feni inafanya kazi bado. Tunachokosa ni baridi tu."

Sote, kwa pamoja, bila kuambizana, tukaligeukia boksi la samaki.

"Hapana," akasema Jaji.

"Jaji."

"Hapana! Hiyo barafu ni maisha yangu. Samaki wataharibika."

"Nani kasema nionyeshe kompresa?" Shangazi akamuuliza. "Nani kasema feni?"

Jaji akamtazama Kifua pale vumbini. Akafungua boksi.

Sijaona watu wakifanya kazi vile. Kichwa kikarudishwa, komeo likafungwa; mimi nilikata tyubu za tairi, tukazijaza barafu, tukazifunga. Daktari akazipanga chini ya dashibodi, mbele ya feni, kama anapanga dawa kabatini. Nyingine tukazisukuma chini ya kiti. Shangazi alimnyanyua Kifua, akampangusa vumbi kwa makofi, matatu manne yakiwa ya vumbi na moja la ujinga. Tulipomaliza, mama mkwe alikuwa ameshavuka barabara, mkoba kwapani, na nyuma yake binti yake amebeba mabegi.

"Shikamoo mama," tukasema kwa pamoja kama darasa.

"Marahaba wanangu. Mbona mnahema?"

"Joto, mama," akasema Jaji.

Mke wa Kifua alikuwa anamwangalia mumewe. Anaangalia lile shati. Akataka kucheka, akajizuia, akaweka mabegi chini.

"Haya," mama akasema. "Nipandisheni kwenye hilo jiko."

Tukampandisha. Kifua akazunguka, akapanda upande wake, akawasha, akabonyeza swichi. Feni ikavuma. Mama akakaa, mkoba mapajani, anaangalia mbele. Akanyoosha kiganja mbele ya tundu la hewa.

"Mh," akasema. "Kumepoa."

Daktari akanishika mkono. Mke wa Kifua akaachia lile tabasamu alilokuwa amelizuia, na Kifua akaliona, na nadhani hata injini ikizimika pale asingejali.

"Kumepoa kabisa," mama akaendelea. "Mwanangu, umenistaajabisha. Nilidhani una maneno tu. Ila mbona mguu wangu umelowa?"

Kifua akawahi kujibu. "Aa, mama, AC zote hudondosha maji. Ndivyo zilivyo. Ukiona AC imedondosha maji ujue ni nzima."

"Kweli, hilo nalijua," mama akasema. "Hata ya hospitali inadondosha." Akainama. Akachovya kidole kwenye maji, akakiinua mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akakiangalia mbele na nyuma. "Na zote hudondosha magamba?"

Shangazi akaona afadhali aende kuangalia birika. Jaji akaanza kulikagua tairi la Bikizee kwa makini ambayo hajawahi kuwa nayo.

Kifua akazima injini. Akafungua kifungo cha kooni, akasema yote. Kompresa ya gari la maharusi, mpira wa kupima, ulivyokuwa unaning'inia, alivyoagiza ukatwe, alivyokiinamisha kichwa kwa sababu Jaji kasema ni feni. Hakumlaumu mtu. "AC ilikuwepo, mama," akamaliza. "Ilikuwepo mpaka sasa hivi. Ungewahi kidogo tu ungeikuta."

"Kwa hiyo kosa ni la basi?"

"La kwangu, mama."

"Na huo mpira uliagiza ukatwe ukiwa na joto au umepoa?"

"Nimepoa, mama."

"Tumesikia redio kwenye basi. Wanasema joto ndilo linaloharibu akili za madereva. Wewe mwenzetu huhitaji joto."

Jaji, ambaye hawezi kuona kesi akaiacha, akakohoa. "Mama, kwa mtazamo wangu, mahakama..."

"Samaki wako wanakungoja, baba."

Jaji akafunga mdomo. Miaka yote hii tulikuwa hatujui kwamba unafungika.

"Mama," mke wa Kifua akasema kutoka chini. "Amevaa shati."

"Nimeliona."

"Tangu harusi hajavaa shati, mama. Mpaka kooni."

Mama akamtazama binti yake, akatazama yale mabegi pale chini. Yalikuwa mengi mno kwa mtu aliyekuja kuonja baridi na kuondoka. Kulikuwa na sufuria imechomoza kwenye moja. Hata mimi niliyapiga hesabu yangu: huyu mwanamke alikuwa amesharudi kabla hajapanda basi.

"Sawa," mama akasema. "Mke wako huyo hapo, mchukue. Aliyetafuta barafu ya samaki ili mkwewe asione joto, ana moyo, hata kama akili inavuja."

Kifua aliruka kutoka kwenye kile kichwa. Alimshika mkewe mikono yote miwili mbele ya watu, na Shangazi akarudi haraka na birika ili asipitwe. Tulipiga makofi. Jaji akatangaza kwamba kahawa ni juu yake, kisha akajifanya hakusema.

"Ila mimi nilisema sirudi kwangu mpaka nirudishwe kwenye kichwa kilichopoa," mama akasema kutoka kule juu, na makofi yakapungua. "Na mimi sibadilishi neno. Kwa hiyo nitakaa kwenu mpaka hiyo AC ipone. Nitakuwa nawaangalia mnavyoishi. Nitawasaidia kurekebisha hili na lile." Akatafuta kwa macho, akaliona koti jeupe. "Daktari ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mama."

"Itapona lini?"

Kifua akageuka polepole. Akamtazama Daktari kwa macho ambayo sijawahi kuona mtu akimtazama mwenzake, akamtikisia kichwa, akamwomba bila sauti, kwa midomo tu. Shangazi akaacha kumimina. Redio nayo, sijui iliambiwa na nani, ikanyamaza.

Daktari akanyoosha kola ya koti lake.

"Jioni tu, mama," akasema.

"Ah, si mbali," mama akasema, akaanza kushuka na mkoba wake.

Na Kifua, pale aliposimama, akaanza kuvua shati.